Kumtii Kijana wa Miaka 16

Agosti 1985, jijini Belo Horizonte, Brazili, vijana wanne waliingia studio, na baada ya siku mbili wakatoka na nyimbo nne na utangulizi mmoja wa kutisha. Mwimbaji wao, Max Cavalera, alikuwa ametimiza miaka 16 mwezi huo huo. Mdogo wake Igor, mpiga ngoma, alikuwa bado na miaka 14. Rekodi yao waliiita Bestial Devastation, na bendi yao ilikuwa Sepultura, neno la Kireno lenye maana ya kaburi.

Julai 14, 2023, ndugu hao wawili walizitoa nyimbo zile zile zikiwa zimepigwa na kurekodiwa upya tangu mwanzo, safari hii kwa jina la ukoo wao, Cavalera. Max alikuwa anakaribia miaka 54. Mdogo wake, ambaye siku hizi huliandika jina lake Iggor, alikuwa na 52. Nimezisikiliza rekodi hizi mbili kwa zamu, wimbo kwa wimbo, usiku baada ya usiku, na kila nikirudi ninakutana na jambo lile lile: watu wazima wenye mikono iliyoiva wameamua kuwatii watoto waliokuwa wao zamani. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi rahisi. Mimi naiona ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na inastahili kusifiwa polepole.

Kwa asiyeuzoea, muziki wa metali kali husikika kama fujo. Lakini ndani ya fujo hiyo kuna mpangilio wa fundi mwashi. Tofali lake huitwa rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, na wimbo mzima hujengwa kwa kupanga rifu moja juu ya nyingine. Mpiga gitaa hushika risha, kama mpiga udi, akazichapa nyuzi kwenda na kurudi hadi noti moja ivume kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Tuseme wimbo unakwenda mapigo 200 kwa dakika, na kila pigo analigawa mara nne. Hizo ni noti 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kila sekunde, na zote zinatoka kwenye kifundo cha mkono mmoja. Mpiga ngoma naye hana pa kujificha: mkono wake wa kulia uko kwenye toazi, wa kushoto kwenye ngoma ndogo iitwayo snea, mguu kwenye ngoma kubwa, na akichelewa kidogo tu nyumba yote inayumba. Juu ya hayo yote mwimbaji huitoa sauti kooni, nzito na yenye kukwaruza, kama ngurumo iliyozuiliwa kifuani.

Mwaka ule vijana wa Sepultura walikuwa bado wanajifunza kazi hiyo. Tuwatazame walipokuwa. Belo Horizonte ni mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, nchi ya milima na machimbo, na ardhi iliyo kusini mwa jiji imejaa mawe ya chuma. Jina la bendi lenyewe alilipata Max alipokuwa akiutafsiri wimbo mmoja wa Motörhead uliotaja kaburi. Historia yao imefungamana na mtaa wa Santa Tereza, mtaa ule ule ambao kizazi kilichotangulia kilikuwa kimeupa umaarufu kwa muziki wa upole kabisa, wa akina Milton Nascimento na Lô Borges na wenzao wa Clube da Esquina. Nchi nayo ilikuwa inageuka. Utawala wa kijeshi ulioanza 1964 ulikwisha Machi 1985, na Tancredo Neves, mwana wa Minas Gerais aliyechaguliwa kuwa rais, akafariki Aprili kabla ya kuapishwa. Januari ya mwaka huo huo tamasha la Rock in Rio lilikuwa limewaleta Rio de Janeiro akina Iron Maiden, AC/DC na Ozzy Osbourne. Kwa kijana wa miaka 15 mwenye gitaa, dunia ilikuwa imesogea karibu ghafla.

Jijini mwao kulikuwa na duka la santuri lililoitwa Cogumelo, yaani Uyoga. Wenye duka waliamua kuanzisha lebo yao, na santuri ya kwanza waliyoitoa, Desemba 1985, ilikuwa ya bendi mbili. Upande mmoja walipewa Overdose, waliopiga kwa ustadi zaidi, na upande wa pili Sepultura. Wale vijana walijipa majina ya kuogofya: Max akawa Possessed, Igor akawa Skullcrusher, mpiga solo Jairo Guedz akawa Tormentor, na mpiga besi Paulo Jr. akawa Destructor. Waliimba kwa Kiingereza ambacho hawakukijua vizuri. Maneno ya wimbo wa Antichrist yaliandikwa na Wagner Lamounier, mwimbaji aliyekuwa ameondoka mapema mwaka huo na kwenda kuiongoza bendi ya Sarcófago, na kuondoka kwake ndiko kulikomfanya Max ashike maikrofoni.

Maneno yenyewe ni ya mashetani, wachawi wa maiti na vita vya mwisho wa dunia. Mimi ni mtu wa dini, na sitajifanya kwamba maneno hayo yananifurahisha. Lakini nikiyasikiliza nasikia vijana waliolelewa katika jiji lenye kanisa kila kona, waliompoteza baba yao wakiwa wadogo, wakitafuta neno kubwa kuliko yote wanayoyajua ili walitamke kwa nguvu zao zote. Hawakuwa na maneno mengine makubwa kuliko hayo. Uchache huo wa maneno ni sehemu ya rekodi, kama ulivyo uchache wa vifaa.

Ukitaka kuelewa kilichowakabili mwaka 2023, lazima kwanza uelewe kwa nini rekodi ya zamani inavuma vile inavyovuma. Max amesimulia kwamba walipoingia kurekodi albamu yao iliyofuata, Morbid Visions ya 1986, magitaa hayakutyuniwa sawasawa. Hata kwenye Bestial Devastation sikio langu linasikia nyuzi ambazo hazijakubaliana kabisa. Jambo hili lina maelezo yake. Waya wa pili kwa unene kwenye gitaa lililotyuniwa kwa kawaida hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Ukirekodi gitaa jingine juu yake ambalo waya wake umelegea kidogo na unatetemeka mara 108, tofauti ile ya mbili haipotei. Inatokea hewani kama wimbi: mara mbili kila sekunde sauti inavimba na kusinyaa.

Sasa ongeza mkwaruzo wa amplifaya. Wapiga gitaa wa metali hupenda kupiga noti mbili kwa pamoja, noti ya msingi na ya tano yake. Msingi ukiwa 110, ya tano huwa karibu 165, na mkwaruzo ukizikutanisha huzaa noti ya tatu ambayo hakuna kidole kilichoipiga, ya 55, oktava nzima chini ya msingi. Hapo ndipo unapotoka ule uzito wa muziki huu: kwenye noti ya mzimu iliyozaliwa na noti mbili zinazopatana. Magitaa yakiwa hayajapatana, mzimu huo unayumba na kunguruma. Vijana wa 1985 hawakuijua hesabu hiyo, wala hawakuhitaji kuijua. Walipata ukungu, na ndani ya ukungu huo kila kitu kilionekana kikubwa kuliko kilivyo.

Baadaye mikono ilikomaa. Mwaka 1987 Andreas Kisser alichukua nafasi ya Jairo na wakatoa Schizophrenia. Zikafuata Beneath the Remains mwaka 1989, Arise mwaka 1991, Chaos A.D. mwaka 1993 na Roots mwaka 1996, na kila moja ikaipeleka bendi mbali zaidi na kile chumba cha Belo Horizonte. Iggor akawa mmoja wa wapiga ngoma wanaoheshimika zaidi katika muziki huu, mtu anayeweza kuchanganya kasi ya metali na midundo ya Kibrazili bila kimoja kukimeza kingine. Mwishoni mwa 1996 Max aliondoka Sepultura kwa uchungu, na ndugu hao wakakaa karibu miaka kumi bila kusemezana. Iggor naye akaondoka 2006. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walipopatana walianzisha Cavalera Conspiracy, na albamu yao ya kwanza, Inflikted, ikatoka 2008.

Kwa hiyo walioingia studio kurudia Bestial Devastation walikuwa wahunzi wa miaka mingi. Besi alipewa Igor Amadeus Cavalera, mwana wa Max. Fikiria picha hiyo: kijana aliyezaliwa baada ya nyimbo hizo, anazipiga akiwa kati ya baba yake na baba yake mdogo ambaye amebeba jina lake. Solo akapewa Daniel Gonzalez, mpiga gitaa wa Possessed, bendi ya California iliyotoa Seven Churches mwaka ule ule wa 1985, na ambayo jina lake ndilo Max alilojipachika utotoni. Kuchanganya sauti kulifanywa na Arthur Rizk, fundi aliyesifika kwa kazi yake na Power Trip wa Texas, na aliyekuwa amefanya kazi na Max kwenye Totem, albamu ya 2022 ya Soulfly, bendi nyingine ya Max.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Rekodi inaanza na The Curse, sauti iliyozama ikitoa laana, chini ya dakika moja. Halafu gitaa linaingia na wimbo wenye jina la rekodi. Nilipousikia upya kwa mara ya kwanza nilitega sikio nikitafuta marekebisho. Mtu aliyeandika nyimbo za Arise ana njia nyingi za kuiboresha rifu ya mtoto: angeweza kuongeza noti ya kupamba hapa, kuvunja mdundo pale, kuweka daraja kati ya sehemu mbili ambazo zimegongana bila salamu. Hakufanya hivyo. Rifu zinafuatana kwa mpangilio ule ule, na pale ambapo mwaka 1985 sehemu moja iliangukia nyingine kwa ghafla, mwaka 2023 inaanguka vile vile. Mvulana aliyetunga hakujua kutengeneza mpito laini, na mtu mzima anayejua amekataa kumtengenezea.

Sikiliza ngoma za Antichrist, wimbo wa kasi kuliko yote. Kwenye rekodi ya zamani unamsikia Igor wa miaka 14 akiukimbiza wimbo kwa namna ya mtoto anayeteremka mlima kwa baiskeli. Snea na ngoma ya mguu zinapokezana, na kuna mahali unahisi kwamba kinachomzuia asianguke ni ile kasi yenyewe. Kwenye rekodi mpya mapigo yote yametua mahali pake. Unaweza kuyahesabu. Hata hivyo haijawa kazi ya mashine. Iggor anapiga kwa kuegemea mbele, kila pigo likiwa kama limewahi kidogo kabla hujalitarajia, na kwa hiyo ule mteremko bado upo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolistaajabia. Mpiga ngoma mchanga huharakisha kwa sababu hana uwezo wa kujizuia. Mpiga ngoma mkongwe anayetaka hisia ile ile inabidi ajizuie na aharakishe kwa wakati mmoja, aache wasiwasi uingie kwenye mkono ambao hauna wasiwasi tena. Jaribu kuandika kwa mwandiko wako wa darasa la saba, herufi zisomeke lakini ziwe bado za mtoto yule, na utaelewa ninachosema.

Jambo la pili ni magitaa. Safari hii yametyuniwa, na ukungu wa zamani umeondoka. Hapa palikuwa na hatari kubwa, maana ukiondoa ukungu unaweza kugundua kwamba nyuma yake hapakuwa na mlima. Njia waliyoichukua ni kuupata uzito kwa mkono. Msikilize Max kwenye Necromancer pale mwendo unapopungua: risha yake inaelekea chini kwa nguvu, kiganja kimeegemea nyuzi karibu na daraja la gitaa na kuzibana, na kila noti inakatika kama shoka kwenye gogo. Max amekuwa akipiga rithim hivyo kwa miongo minne, na hakuna tyuni wala mtambo unaoweza kukipa kiganja ile hukumu ya kujua kibane kiasi gani. Zamani uzito ulitoka kwenye bahati ya nyuzi kutopatana. Sasa unatoka kwenye nyama ya kiganja. Rifu ni ile ile, na kumbe ilikuwa rifu nzuri. Tulikuwa tunaihisi tu bila kuiona vizuri.

Jambo la tatu ni sauti. Kijana wa miaka 16 alikuwa anaigiza jitu la kutisha, na unasikia koo likijitahidi kuwa kubwa kuliko mwili. Max wa leo haigizi tena, sauti yake yenyewe imekuwa nene na yenye makovu. Angeweza kuyabadilisha maneno yale mabovu ya Kiingereza, kwani amekwisha kuishi Marekani miaka mingi na anakijua. Ameyatamka kwa dhati ile ile, bila kukonyeza jicho kwa msikilizaji. Mtu mzima kutamka neno la utotoni bila kulicheka kunahitaji heshima fulani, na heshima hiyo inasikika.

Wengine waliwahi kuijaribu kazi ya namna hii, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Sodom wa Ujerumani waliirudia In the Sign of Evil, rekodi fupi ya 1985 iliyowafundisha mengi vijana wa Brazili, wakaitoa 2007 kwa jina la The Final Sign of Evil. Wao waliwakusanya wapigaji wale wale wa mwanzo, na mpiga ngoma Chris Witchhunter akafariki mwaka uliofuata, kwa hiyo rekodi ile ikawa kama maagano. Suffocation wa New York walikuwa na jeraha tofauti: albamu yao ya 1993, Breeding the Spawn, ilikuwa na nyimbo bora zilizoharibiwa na sauti mbovu, nao wakaamua kuzikomboa moja moja, wimbo mmoja kwa albamu. Prelude to Repulsion ikapigwa upya 2006, Marital Decimation 2009, na nyingine zikafuata. Hao walikuwa wanasahihisha, na walikuwa na haki ya kusahihisha. Akina Cavalera hawakuwa na kosa la kusahihisha kwa maana hiyo, na ndiyo maana kazi yao ilikuwa ngumu zaidi. Fundi anayekarabati anaijua kazi imekwisha pale kilichovunjika kinaposimama. Anayekirudia kitu ambacho hakijavunjika hana alama ya kumwambia aache, isipokuwa adabu yake mwenyewe.

Wapo wasikilizaji wanaosema kwamba ukungu ndio uliokuwa muziki, na kwamba rekodi ya 1985 haina mrithi. Nawaelewa, na kuna usiku ninakubaliana nao kwa moyo wote. Ile hali ya vijana wanne kutojua kwamba wanalofanya haliwezekani haipatikani tena, hata kwa wao wenyewe. Lakini santuri ya zamani ipo, haijafutwa na mtu. Mpya imeketi kando yake kama mzee anayekaa benchi moja na picha yake ya ujana. Tangu niisikie mpya, hata ya zamani naisikia vizuri zaidi, kwa sababu sasa najua kila rifu ilikuwa inaelekea wapi ndani ya ukungu ule.

Rekodi yote ya 1985 ilikuwa na kama robo saa, na hii mpya haikujitanua sana. Baada ya Warriors of Death, kazi ya utii imekwisha, na ndugu wakajiruhusu kuongeza wimbo mmoja tu wa kwao. Umetungwa sasa kwa namna ya zamani, rifu zake za moja kwa moja na kasi ile ile ya mteremko, kana kwamba ulisahaulika ndani ya droo ya studio. Nilijiuliza waliusubirisha kwa nini hadi mwisho, na nadhani nimeelewa. Vijana wale waliazima Kiingereza kwa sababu waliamini metali haiwezi kusemwa kwa lugha ya nyumbani, na nyimbo zao zote zikabeba majina ya ugenini. Wazee wamezipiga zote kama zilivyoandikwa, bila kubadili jina hata moja. Walipopata nafasi ya kuupa wimbo wao wenyewe jina, waliuita Sexta Feira 13, Ijumaa ya tarehe 13, kwa Kireno cha mama yao.